Kahawa Ilipoondoka Kemondo

Novatus hajui kutoa habari ya msiba, na miaka yote hii hajajifunza. Alinipigia saa nne asubuhi nikiwa dukani kwangu Miembeni, mguu kwenye cherehani, nashona sketi za shule, akaanza kwa kuniuliza kama huku Bukoba mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha. Akauliza kama mafundi wangu wawili bado wapo. Wapo. Akauliza kama lile tarumbeta la besi la usharika bado linalia au walishalitupa. Hapo nikaondoa mguu kwenye cherehani. Mwanamume mwenye duka la vifaa vya ujenzi Muleba mjini, mwenye tumbo na wajukuu wawili, hapigi simu siku ya kazi kuulizia tarumbeta. "Nova," nikamwambia, "sema." Akasema Audax ametutoka alfajiri, hospitalini, na kwamba atazikwa kesho kutwa nyumbani kwa mama yake, Kagoma. Kisha akarudia lile la tarumbeta. "Uje nalo, Koku. Usije mikono mitupu."

Nilimaliza ile sketi. Watu watasema nina moyo mgumu, lakini mwenye sketi alikuwa anaifuata saa sita, na mikono yangu ilikuwa inaijua kazi yake bila mimi. Nililia nilipofika kwenye pindo. Nililia zaidi kwa sababu ya simu yetu ya mwisho, miezi miwili nyuma, Audax aliponipigia kutoka kitandani, sauti imeshapungua, nami nikajaza maongezi yote kwa habari za mvua, za vitambaa vinavyochuja rangi, na za mchungaji mpya anayehubiri kana kwamba kuna gari linamsubiri nje. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia tangu tukiwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nalo mdomoni siku ile. Nikamwambia nitampigia Jumapili. Jumapili nikawa na magauni ya harusi ya watu, na Jumapili iliyofuata nikajiambia anapumzika. Basi hapa sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, hayo hayana faida kwa mtu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka tuliorekodi albamu yetu ya kwanza, ambayo ikawa pia ya mwisho, na nilichokifanya Kemondo.

Tulikuwa watatu na tuliitwa Jiko la Nje. Jina halikuwa na falsafa yoyote. Tulifanyia mazoezi kwenye jiko la nje la nyumbani kwa akina Novatus, hapa hapa Miembeni, kwa sababu mama yake alikuwa amehamia kupikia ndani, na jiko lile lilibaki na masizi, mafiga matatu na kuku mmoja aliyekuwa akiatamia kwenye kona. Yule kuku hakuhama, alituzoea. Audax alikuwa na gitaa la umeme, la roki hasa, na spika yake ilikuwa imepasuka ikatoa mkwaruzo ambao sisi tuliuona ni utajiri. Novatus alipiga ngoma za ngozi za parokiani kwao, zile za wakati wa kupeleka vipaji altareni, akaongeza na sufuria moja iliyotoboka. Gitaa la besi hatukuwa nalo, wala mtu wa kulipiga. Tulikuwa na mimi, msichana wa Kilutheri, na tarumbeta la besi la usharika, lile kubwa la kukumbatia, ambalo mwalimu wetu aliniruhusu kutembea nalo siku za kazi kwa sharti kwamba Jumapili lifike limeng'aa. Na juu ya hayo yote Audax hakuimba kama waimbaji wa roki tuliowasikia redioni. Alighani harakaharaka, kwa namna ile wazee wa Kihaya wanavyojigamba mbele za watu kwenye sherehe, kwebuga, akijitaja yeye na ukoo wake na mito aliyovuka, kisha ghafla anaachia sauti na kuimba kama mtu aliyefika mahali tambarare. Waliokuja kuchungulia waliuliza huo ni muziki gani. Mama yake Novatus aliwajibu kwamba ni muziki wa watu ambao hawajala, kisha akatuletea ndizi na maharage kwenye sinia moja, maharage yenye samli, na mpaka leo nikinusa samli nasikia lile gitaa.

Wimbo uliokuwa moyo wa kila kitu uliitwa "Mlango wa Jikoni". Niliujua ulikotoka kwa sababu Audax alitupeleka kwao Kagoma, tukakaa siku mbili. Mama yake, Ma Leokadia, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na nyumba yake ilikuwa ndani kabisa ya kibanja, migomba imeizunguka hadi dirishani. Mlango wake wa jikoni haukufungwa kwa komeo mpaka watoto wote wawe wameingia. Audax aliposoma bweni, alikuwa akitembea kutoka barabarani na sanduku lake kichwani, anazunguka nyuma ya nyumba, anasimama kwenye mlango ule na kusema, "Mama, nimefika." Mama yake, bila kugeuka, bila kuacha kumenya, anasema, "Ingia, chakula kipo." Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao, hakuna kukumbatiana wala kulia. Niliyasikia kwa masikio yangu siku ile tulipofika, na Novatus akanifinya mkono kwa sababu tulikuwa tumeshausikia wimbo kabla ya kuwasikia wenyewe. Kwenye wimbo, baada ya maneno hayo, Audax aliweka nafasi. Gitaa linanyamaza, ngoma zinanyamaza, nami nashusha tarumbeta, tunahesabu nne kimya kabisa. "Hapo ni pa Mama kuitika," alituambia. Novatus ilimwasha ile nafasi. Kila mara alitaka kutia pigo moja tu dogo, na kila mara Audax alimwambia, "Nova, hapo si pako."

Asubuhi ya pili nilikuwa nje naosha miguu, nikawasikia jikoni, mama na mwana, wanamenya ndizi. Ma Leokadia alikuwa anasema nyimbo zetu zina kelele. "Utakuwa umesema jambo na mimi nisilisikie." Audax akasema, "Huu mmoja utausikia, Mama. Utausikia kama nimesimama hapa mlangoni." Kisu kikaendelea, kisha mama akasema, "Haya, ulete nitausikia." Mtu asiyewajua angesema ni maongezi ya kawaida. Lakini Audax alitoka pale jikoni macho yanang'aa, na kuanzia siku hiyo nyimbo nyingine sita zilikuwa za kuusindikiza huo mmoja. Alikuwa ameacha chuo cha ualimu kwa ajili ya gitaa, na mama yake hakuwahi kumlaumu wala kumwambia kitu. Ile kaseti ilikuwa ndiyo maelezo yake kwa mama yake.

Binamu yake Novatus wa Mwanza alikuwa na mashine ya kurekodi kwenye kaseti, akatuazima kwa siku kumi. Alikuja nayo kwa meli na angeondoka nayo kwa meli, Jumamosi ya wiki ya pili, hilo halikuwa na mjadala. Tulijaribu kwenye jiko la nje, tukarekodi kuku na mvua kwenye mabati. Tulijaribu ukumbi wa usharika, sauti ikawa inapiga ukutani na kurudi, kila neno linasemwa mara mbili, na Audax akavua visikizio masikioni na kusema, "Hapana, hapa sipo jikoni, hapa niko kituo cha mabasi." Ndipo nikamkumbuka Mjomba Dauson, kaka wa mama yangu, aliyekuwa na ghala la kahawa Kemondo, karibu na gati. Tulipoingia, magunia ya kahawa ya maganda yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na paa, pande zote, yameacha njia ya mtu mmoja katikati. Audax alipiga kofi moja. Kofi likafa palepale, kama mtu amelifunika na mto. Akapiga tena, akanitazama na kucheka bila sauti. Mjomba alituruhusu tusogeze magunia tujenge kijichumba cha kututosha, akatupa masharti mawili: hakuna moto ndani, na asikae mtu juu ya gunia na nguo mbichi. Mjomba Dauson alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kalamu sikioni, na aliyependa kusema jambo mara moja tu.

Siku zile za Kemondo nikizikumbuka huwa naona zilikuwa nyingi kuliko zilivyokuwa. Tulikuwa tunafika na gari la asubuhi kutoka Bukoba, tunaingia kwenye kijichumba chetu cha magunia, harufu ile kavu ya maganda inatukaa kwenye nywele na nguo hata nyumbani wanajua tulikokuwa. Mvua ikianza tunaacha, maana mabati yanameza kila kitu, tunakaa kwenye mlango wa ghala tunatafuna kahawa na kutazama ziwa likipotea. Umeme ukikatika tunasubiri. Ukipata wimbo mmoja kwa siku umeshukuru. Mchana tulikula kwa mama mmoja aliyepikia wabebaji wa gatini, sato wa kuchemsha na ndizi, na kwenye benchi lile niliwasikia wabebaji wakijadiliana kuhusu sisi. Mmoja alisema mle ghalani kuna Walutheri wanazika mtu, maana amesikia tarumbeta. Mwenzake akasema wanazika mtu gani siku nne mfululizo. Wa tatu akasema labda ni mnene. Audax alicheka mpaka mwiba wa samaki ukamkwama, tukampiga mgongoni. Nyimbo tano zilikuwa tayari kufikia Jumatano, zimekaa vizuri, kila chombo kipo karibu na sikio lako. Zilibaki mbili. Alhamisi tungerekodi "Mlango wa Jikoni". Ijumaa tungerekodi wa kwangu, "Jumatatu Asubuhi".

Sijautaja wa kwangu mpaka sasa kwa makusudi. Ulikuwa wimbo nilioutunga mimi, na humo tarumbeta ndilo lililoongoza, gitaa likafuata nyuma. Mtu asiyewahi kupiga besi hawezi kuelewa. Usharikani nilikaa mstari wa nyuma tangu nina miaka kumi na mitatu, uso wangu umefichwa na shaba, wenzangu wa mbele wanasifiwa na mimi naambiwa nisizidishe. Kwenye bendi vilevile, watu walimwona Audax, wakamwona Novatus na sufuria yake, kisha wakauliza ule mngurumo unatoka wapi. Nilitaka wimbo mmoja duniani ambao mtu akiusikia aulize ni nani huyo. Nilitaka hivyo kwa nguvu, na sioni aibu kwa kutaka. Aibu yangu ni ya nilichokifanya ili niupate.

Jumatano hiyo, wenzangu wamekwenda kunawa, Mjomba Dauson aliniita pembeni, kalamu sikioni. "Koku, mnunuzi amebadilisha siku. Lori linakuja Ijumaa asubuhi na mapema badala ya Jumatatu. Waambie wenzako, kesho ndiyo siku yenu ya mwisho yenye magunia." Nikamwambia, "Sawa, Mjomba, ahsante." Nikarudi kwenye benchi. Samaki alikuwa ameshafika. Nilifungua mdomo kusema, nikautia ndizi. Nilijua vizuri ambacho kingetokea. Wangesema kesho ni "Mlango wa Jikoni", hakuna hata wa kuuliza, na wa kwangu ungekwenda kurekodiwa kwenye ghala tupu. Na ungekuwa uamuzi wa haki, hata mimi ningeupigia kura. Nilimaliza kula. Nilijiambia nitasema kwenye gari. Kwenye gari nikajiambia nitasema kesho, na kwamba tukianza mapema labda nyimbo zote mbili zitaingia siku moja. Nilikuwa najua haziingii.

Alhamisi niliingia ghalani nikiwa nimejishika mdomo. Nikawaambia midomo yangu imeanza kupasuka, kwamba siku zote hizi za kupuliza zimenichosha, na kama hatutarekodi wimbo wangu leo, kesho sitaweza kuuongoza. Mpiga tarumbeta akisema midomo, nani atabisha? Hakuna mtu anayeweza kukuchungulia. Novatus alinung'unika kwamba alishalala na mapigo ya "Mlango wa Jikoni" kichwani. Audax alinitazama, akaniwekea mkono begani, akasema, "Midomo kwanza. Mama yangu hajaenda popote." Kisha akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya kujipaka akanipa. Nikayapaka, mbele yake, kwenye midomo ambayo haikuwa na kitu. Mvua ilinyesha mara mbili siku hiyo, umeme ukakatika mara moja, na saa kumi na moja jioni "Jumatatu Asubuhi" ilikuwa imekwisha, nzuri kama nilivyoitaka. Audax aliisikiliza kwenye visikizio mpaka mwisho na kusema, "Koku, kumbe ulikuwa umekaa na hiki kitu." Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyangoja tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na nilipoyapata nikainama kufuta tarumbeta nisimtazame.

Ijumaa tulipofika, lori lilikuwa limeshajaa zaidi ya nusu. Wabebaji walikuwa wanatoka na magunia mabegani, wanaimba wimbo wao wa kazi, na kijichumba chetu kilikuwa kimebaki ukuta mmoja. Audax alisimama na gitaa lake kwenye mfuko wa plastiki. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa hivyo. Aliuliza, "Si Jumatatu?" Mjomba alikuwa upande wa pili wa lori anahesabu, na nikawahi kujibu kabla hajasikia. "Mjomba amebadilisha," nikasema. "Hakutuambia." Baadaye Mjomba alinivuta pembeni akaniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kama niliwaambia wenzangu. Nikamwambia niliwaambia, wamesahau. Kwa hiyo nilimdanganya kila mmoja kuhusu mwenzake, ndani ya robo saa, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Lori lilipoondoka, ghala lilikuwa sakafu na kuta. Binamu alikuwa anapanda meli kesho yake. Tulifanya tulichoweza. Tuliazima mikeka na mablanketi tukatundika. Novatus alikimbia akarudi na mzigo wa majani makavu ya migomba akayasimamisha ukutani, na tulipojaribu kurekodi, majani yakawa yanachakachaka kila mtu akivuta pumzi, ikabidi tuyatoe yote. Audax alipiga kofi. Kofi likaenda ukuta wa mbali, likarudi, likaenda tena. Akakaa chini, mgongo ukutani. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na ningeweza kusema wakati ule. Isingerudisha kahawa, lakini angejua. Kisha akainuka na kusema, "Basi, tuimbe. Atausikia hivyo hivyo." Tuliuimba mara moja tu. Alipofika kwenye "Mama, nimefika", tukanyamaza kama tulivyozoea, na ghala likamjibu kwa sauti yake mwenyewe, nimefika, nimefika, mpaka hesabu ya nne ikaisha. Nilimwona amefumba macho.

Albamu tuliiita "Gunia". Tulizinakili kaseti wenyewe, na Audax akapeleka ya kwanza Kagoma. Aliporudi nilimuuliza mama yake amesemaje. "Amesema ahsante," akajibu. Akakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea. "Hajausikiliza mara ya pili." Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi chuoni, na baadaye akapangiwa kufundisha Biharamulo, akaoa, akazaa, akawa mwalimu mzuri sana kwa maelezo ya wote. Hatukurekodi tena. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba watu waliupenda ule wimbo wenye mwangwi kuliko zote. Mtangazaji wa redio alisema mwimbaji amejiweka ndani ya kanisa kubwa la upweke. Miaka hii vijana wamewekeana nyimbo zile kwenye simu, na kijana mmoja wa Dar es Salaam alinitafuta kuniuliza tulipataje ubunifu ule, nyimbo sita zikukae sikioni na mmoja ukuache peke yako. Audax alikuwa na jibu moja kwa wote: "Ni lori la kahawa." Anacheka, nami nacheka naye. Wimbo wangu hawaukumbuki. Vijana wanauruka. Na Mjomba Dauson alibaki kwenye midomo ya wenzangu kama mtu wa kigeugeu, yeye aliyekuwa mnyoofu kama rula. Mjomba alipofariki, Audax alituma rambirambi, lakini hakuja.

Tulimzika Audax kwenye kibanja cha mama yake, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ule mlango. Nilipiga tarumbeta pamoja na kwaya ya parokia, wakanivumilia. Siku iliyofuata mvua ilianza mchana na waombolezaji wote wakaingia ndani, wakabanana, wazee kwenye viti, sisi wengine kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, mabega kwa mabega mpaka ukumbini na jikoni. Ma Leokadia alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi kwa sababu amekataa kukaa bila kazi. Amepungua, lakini mgongo bado umenyooka. Nilipiga magoti kumsalimu, akaitika, akanipa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu kidogo, nami nikashindwa kuitia mdomoni. Nilimwambia yote pale pale, nikiwa bado nimepiga magoti, kwa sauti ya kawaida, na shangazi wawili wakisikia. Nilimwambia kuhusu magunia, lori, midomo, Mjomba, na kile kichupa cha mafuta.

Alimaliza ndizi aliyoishika kabla ya kusema. "Kwa hiyo hakuwa yeye aliyetaka uwe vile." Nikasema hapana, Ma, yeye alitaka uusikie kama amesimama hapa. "Niliusikiliza siku ile, nikaona mwanangu anasema amefika, na nyumba haina mtu. Pale pa mimi kuitika, anajiitikia mwenyewe. Nikajiuliza nimemkosea nini hata aniimbe hivyo, mimi nilikuwepo siku zote." Alichukua ndizi nyingine, akaiweka chini. "Sikumuuliza. Na yeye hakuniuliza. Miaka yote hiyo." Nililia bila kujificha. Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto mbaya, Koku." Nikasema ndiyo, Ma. "Na sasa?" Nikamwambia sasa mimi ni mtu mzima mbaya. Kitu kama cheko kilimpita puani. Akasema, "Mvua imepungua. Leteni huo wimbo."

Nilimwita Novatus. Alisema yeye hajawahi kuimba maishani, kila mtu anajua, na mimi nikamwambia tarumbeta siwezi kulipuliza na kuimba kwa mdomo huo huo, kwa hiyo ataimba. Akasimama kwenye uwazi kati ya ukumbi na jikoni, ngoma ya parokia mbele yake, tumbo lake juu ya ngoma. Mimi nikasimama karibu naye na ile shaba imenikumbatia. Nyumba nzima ilikuwa imejaa mpaka madirishani, makoti mabichi, mablanketi, nyasi, watoto mapajani. Novatus alipiga kofi moja ili tuanze pamoja. Kofi likafa palepale. Tulitazamana. Hata yeye, ambaye hakuwa anajua bado nililolifanya, alilitambua lile kofi, nikaona kidevu chake kinacheza.

Aliimba kwa sauti ya mtu anayeuza misumari, nzito, isiyopanda, na kila neno likakaa pale lilipotoka. Ma Leokadia alikuwa ametupa mgongo, kisu mkononi. Tukafika. "Mama, nimefika," Novatus akasema, maana hakuweza kuliimba, na tukanyamaza, yeye na mimi. Hakuna kilichorudi. Moja. Mbili. Kisu kikaendelea kumenya.

"Ingia," alisema Ma Leokadia, bila kugeuka. "Chakula kipo."

Hesabu ya nne ilipita, Novatus hakuingia na ngoma, nami sikuingia na tarumbeta, na hakuna mtu mle ndani aliyetuharakisha.